Magoti yanayokaza asubuhi: jibu kwa mama wa Cimpunda

Swali: «Docta, nina miaka 56, naishi Cimpunda, huku mlimani Bukavu, nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kule soko la Nyawera tangu watoto wangu wangali wadogo. Magoti yote mawili yananiuma, la kuume zaidi. Asubuhi nikiamka ni kama yamefungwa kamba, mpaka nizunguke ndani ya nyumba dakika 15 ama 20 ndipo yanafunguka. Kushuka mlima kunaniumiza kuliko kupanda. Kidole gumba nacho kinauma nikifungua bidoni. Wengine wanasema ni baridi ya ziwa imeingia ndani ya mifupa, wengine wanasema nilikanyaga sumu. Kijana wangu ananiletea vidonge vya kununua sokoni, vinanisaidia siku mbili tu. Sasa watoto wanataka nikae nyumbani, nisitembee tena. Ni kweli magoti yataisha nikiendelea? Halafu binti wa dada yangu, ana miaka 29, vidole vyake vimevimba mikono yote miwili, asubuhi hashiki hata kikombe mpaka saa nne. Ni ugonjwa mmoja? Na kanisani, nipige magoti ama nikae?»

Mama, naanza na lile linalokutia hofu. Hapana, magoti hayaishi kwa kutembea. Watoto wako wanakupenda na shauri lao limetoka moyoni, lakini ukilifuata, mwaka ujao utakuwa na maumivu makubwa zaidi na nguvu kidogo zaidi. Mimi ni kinezi, yaani mtu anayetibu viungo na misuli kwa mazoezi. Katika miaka 17 ya kazi hii hapa Bukavu nimewaona akina mama wengi waliokalishwa kwenye kiti kwa heshima, wakaletewa maji na chakula hapo hapo, na baada ya miezi michache hawakuweza tena kuinuka kwenye kiti hicho bila kushikwa mkono. Mwanzoni mwa kazi mimi mwenyewe niliwaambia wagonjwa «pumzika, mama», na ni neno ninalojutia.

Hebu ukumbuke paja la kuku. Pale mifupa inapokutana kuna mfuniko mweupe, laini, wenye kuteleza. Hilo ndilo gegedu, nasi tunalo vilevile. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo unaingia na kutoka kadiri gegedu linavyobanwa na kuachiliwa, kama sifongo ndani ya maji. Goti lisilotembea ni goti lenye njaa. Tena kuna msuli mkubwa wa mbele ya paja, ambao kazi yake ni kupokea uzito kabla haujafika kwenye goti. Msuli huo hunyauka upesi sana mtu akikaa, na ukishanyauka, kila hatua inatua moja kwa moja kwenye mifupa.

Kwa maelezo yako, huu unafanana na ugonjwa ambao madaktari wetu wanauita artrozi: gegedu linapungua, mfupa ulio chini yake unabadilika umbo, misuli inalegea, na kiungo chote kinakuwa chepesi kuuma. Miaka yako, kukaza kwa asubuhi kusikofika nusu saa, maumivu ya kushuka, shina la kidole gumba, vyote vinaelekea huko. Hata hivyo sijaligusa goti lako, kwa hiyo daktari alitazame mara moja. Akikuomba picha ya radio, ile ya eksirei inayoonyesha mifupa, usiogope yatakayoandikwa humo. Nimepokea watu wenye picha mbaya sana wanaopanda hadi Cimpunda kwa miguu, na wengine wenye picha karibu safi wanaolia usiku. Picha inaonyesha mfupa, haionyeshi maumivu.

Baridi ya ziwa haikukuletea ugonjwa huu. Mji wetu uko juu, ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na asubuhi za mvua misuli inajikunja na maumivu yanasikika zaidi, hilo ni kweli. Kwa hiyo vaa suruali nzito chini ya kikwembe, yaani kitenge chako, funika magoti unapouza. Watu wa nchi za joto wanaugua artrozi vilevile. Kuhusu sumu, nakuomba kwa heshima zote usitoe hata faranga moja kwa mtu anayetaka kukuondolea. Ugonjwa unaokuja polepole kwa miaka, kwenye magoti yaliyobeba mizigo tangu ujana na kwenye kidole kinachofungua bidoni kila siku, una maelezo yake hapo hapo. Na usikubali kuchanjwa kwa wembe kwenye goti. Chale haziondoi kitu ndani ya kiungo, zinaweza kuingiza usaha, homa ya ini au virusi vya ukimwi.

Sasa kabla ya kukuonyesha la kufanya, tuzungumze juu ya binti wa dada yako, maana yeye ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wewe.

Huo si ugonjwa mmoja na wako. Hapa Bukavu tunaita vyote «rimatisme», na Waswahili wengine wanasema baridi yabisi, jina moja kwa magonjwa mengi yasiyotibiwa kwa njia moja. Kijana wa miaka 29, vidole vimevimba pande zote mbili, kukaza kunakodumu zaidi ya saa nzima baada ya kuamka: lazima tufikirie poliatriti ya rumatoidi. Hapo kinga ya mwili, ile inayopigana na vijidudu, inageuka na kushambulia ngozi laini iliyo ndani ya viungo. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Ukiachwa, unaila mifupa ya vidole, na kilichokwisha kupinda hakirudi. Ukikamatwa mapema, katika miezi ya kwanza, unaweza kuzuiwa kwa dawa zilizo za kwake hasa. Aende wiki hii hii kwa daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali kubwa, aseme maneno haya: «Vidole vimevimba tangu mwezi fulani, asubuhi vinakaza saa kadhaa.» Watampima damu na kumpiga picha ya mikono. Wakimwandikia dawa ya metotreksati, ajue kwamba inamezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumeua watu. Na haimezwi na mwenye mimba wala anayetafuta mtoto, kwa hiyo amwambie daktari mapema kama anataka kuzaa, kwa sababu zipo dawa nyingine.

Nirudi kwako, na kwa asubuhi, maana ndipo siku yako inapoharibika.

Usishuke kitandani mara macho yanapofunguka. Ukiwa bado umelala chali, vuta nyayo kuja kwako, kisha zisukume mbali, mara 20. Halafu telezesha kisigino kwenye godoro kuelekea matakoni mpaka goti likunjike kadiri linavyokubali, rudisha, mara 10 kila mguu. Kisha kunja kikwembe kiwe kama mkate mnene, kiweke chini ya goti, likandamize kuelekea chini huku ukikaza msuli wa paja, hesabu mpaka 5, achia. Mara 10. Inachukua dakika kama 7. Kisha kaa ukingoni mwa kitanda, bembeza miguu kidogo, ndipo usimame. Zile dakika 20 za kuzunguka nyumbani ukijishika ukutani, utaona zinapungua.

Maji ya moto unayochemsha kwa ajili ya kuoga, chota kidogo kwenye beseni. Tumbukiza mikono, maji yawe ya uvuguvugu wa kuvumilika, na humo ndani fungua na kufunga ngumi, gusisha kidole gumba kwenye ncha ya kila kidole kingine, dakika 10. Taulo iliyolowekwa maji ya moto na kukamuliwa, ukiiweka kwenye goti dakika 15, inalegeza vilevile. Pima joto kwanza kwa ndani ya mkono wako, hasa kama una kisukari, maana ngozi isiyosikia vizuri inaungua bila mtu kujua. Siku goti limevimba na lina joto lenyewe, acha moto, weka kitambaa cha maji baridi.

Zoezi moja ninalitaka kuliko yote, na ni la kuinuka. Tafuta benchi ya urefu wa kutosha, si kile kigoda cha jikoni. Kaa, vuta nyayo nyuma kidogo, egemea mbele, simama. Kisha shuka ukae polepole, ukihesabu mpaka 4. Mwanzo sukuma kwa mikono, si aibu. Mara 8, pumzika, mara 8 tena, siku moja ifanye na siku moja uache. Ukishaweza bila mikono, ongeza mpaka mara 12. Hapo ndipo msuli wa paja unaporudi. Lakini uwe na subira: wiki mbili za kwanza hutaona kitu, pengine utaumwa zaidi kidogo. Mabadiliko yanakuja kati ya wiki ya 6 na ya 8, na wengi wanaacha wiki ya 3. Nakuomba usiwe mmoja wao.

Utajuaje kama umezidisha? Maumivu wakati wa zoezi yanaruhusiwa, mradi yavumilike. Kipimo ni kesho yake asubuhi. Kama goti limerudi lilivyokuwa, ulilifanya zoezi vizuri. Kama limevimba au linauma kuliko jana, punguza nusu, usiache kabisa.

Umeniambia kushuka kunaumiza kuliko kupanda, na uko sahihi kabisa. Kwenye tambarare goti hupokea kama mara mbili na nusu ya uzito wa mwili kwa kila hatua. Kupanda ngazi ni zaidi kidogo ya mara tatu, na kushuka ni karibu mara tatu na nusu. Yaani kuteremka kutoka Cimpunda na beseni kichwani ndiyo kazi nzito kuliko zote unazolipatia goti, na unalipatia kila asubuhi, saa ile ile ambayo bado limekaza. Kwa hiyo mzigo ushuke kwa motari, mwenye pikipiki, ama kwa kijana wako, wewe ushuke mikono mitupu baada ya kufanya mazoezi ya kitandani. Jioni, kupanda, panda kwa miguu kama unaweza, kuna faida. Kama pesa ya pikipiki inatosha safari moja tu kwa siku, itumie kushuka. Watu wengi wanafanya kinyume, kwa sababu kupanda kunachosha kifua, lakini goti halihesabu pumzi.

Mahali penye mteremko mkali usishuke moja kwa moja. Kata upande, kulia kisha kushoto, hatua fupi. Chukua fimbo. Najua, utasema fimbo ni ya wazee. Ishike kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa goti la kuume ndilo baya zaidi: fimbo na mguu mgonjwa vinatangulia pamoja. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono ukisimama wima na mkono umening'inia. Kwenye ngazi, mguu mzuri hupanda kwanza, mguu mgonjwa hushuka kwanza. Na kandambili ziache nyumbani. Viatu vya michezo vilivyokwisha kuvaliwa, vile vinavyouzwa sokoni, vikiwa na soli nene na vinashika kisigino, vitakutunza kuliko mafuta yoyote ya kupaka.

Sokoni, shida yako ni kigoda. Kukaa chini, magoti yakiwa juu kuliko nyonga, saa nne mfululizo, kunakaza kama usiku. Weka kreti mbili, moja juu ya nyingine, na mto juu yake. Kila nusu saa simama, hata kama hakuna mteja, nyoosha miguu, tembea mpaka kwa jirani uulize bei yake. Nyumbani, pandisha mbabula, jiko lako la makaa, juu ya matofali ili upike umesimama ama umekaa kwenye kiti. Nguo zifuliwe kwenye beseni lililo juu ya meza. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20. Ijazwe nusu, ama iletwe na watoto, hiyo ndiyo kazi ambayo upendo wao ungefaa kuonekana. Kuifungua, zungushia kizibo kitambaa na ukishike kwa kiganja kizima, kidole gumba kisibanwe peke yake. Kusonga bugali shika mwiko kwa mikono miwili, na ufunge kitambaa kwenye mpini uwe mnene, maana kushika kitu chembamba kunaumiza kuliko kushika kinene. Choo cha kuchuchumaa ni mateso kwa goti kama lako: fundi yeyote wa mbao anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu yake.

Vidonge vya kijana wako. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, na anisamehe, anatafuta nafuu ya mama yake. Lete maganda niyaone. Mara nyingi katika mafungu yale kuna diklofenaki au ibuprofeni, na ndani yake kidonge kidogo sana ambacho ni deksametazoni au prednizoloni. Kile kidogo ndicho kinachofanya maajabu: siku mbili tatu unajisikia kijana, unakula sana, mashavu yanajaa, na majirani wanasema umepona. Shangazi yangu alisifiwa hivyo mwaka mzima. Kilichofuata kilikuwa kisukari na mfupa wa mgongo uliovunjika kwa kuinua sufuria. Deksametazoni na prednizoloni zina mahali pake, kwa daktari anayejua anachofanya, lakini si dawa ya artrozi ya kila siku. Na kama umezimeza kwa zaidi ya wiki tatu mfululizo, usizikate ghafla, mwili umekwisha kuzitegemea na unaweza kuanguka. Nenda kwa daktari azishushe kidogo kidogo.

Diklofenaki na ibuprofeni zinatuliza kweli, ila zinachimba vidonda tumboni, zinapandisha tansio, yaani presha ya damu, na kuchosha figo. Kama unameza dawa za tansio, usiziguse bila kuuliza. Usichanganye hizo mbili, usizimeze kwa njaa, na choo kikitoka cheusi kama lami, ni damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mimi ningependa uanze na diklofenaki ya kupaka, ile ya mrija, mara 3 au 4 kwa siku kwenye goti na kwenye shina la kidole. Inaingia mahali pake na kidogo tu ndiyo hufika tumboni. Parasetamoli haina nguvu nyingi kwa ugonjwa huu, lakini kuna siku inasaidia: vidonge 2 vya miligramu 500, mara 3 kwa siku zisizidi, na si kila siku ya maisha. Sindano za matakoni zinazochomwa mtaani, hapana. Nimehudumia watu waliokuja na goti linalouma wakaondoka na mguu uliopooza, kwa sababu sindano iligonga mshipa mkubwa wa neva.

Chakula sina mengi. Sambaza zako, sombe ya majani ya muhogo, maharage, mboga, ni chakula kizuri, hakuna kinachokatazwa kwa artrozi. Kinachohesabika ni uzito. Kila kilo moja unayopungua inalipunguzia goti kama kilo 4 kwa kila hatua, basi hesabu hatua za Cimpunda mpaka Nyawera. Punguza mafuta ya kukaangia na soda kwanza, na kilo 5 zikiondoka, utasikia tofauti bila kuuliza mtu. Wanaokatazwa nyama ya ndani na pombe ni wenye gauti, ule ugonjwa unaolipuka usiku kwenye kidole kikubwa cha mguu.

Kuna siku moja ambayo hutafanya mazoezi wala kungoja: goti moja likivimba ghafla, likawa jekundu, lina joto, na una homa. Hiyo inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na usaha huharibu goti kwa siku chache. Nenda hospitali hata kama ni usiku.

Sasa kanisani. Kaa, mama. Sala ya aliyeketi inasikika. Kupiga magoti kwenye sakafu ngumu kwa muda mrefu ndicho kitu kimoja ambacho ningekuondolea. Lakini kama kuna wakati wa misa ambapo moyo wako hautulii bila kupiga goti, fanya hivi: kunja kikwembe mara nne ukiweke chini, shika benchi ya mbele kwa mikono miwili, shusha goti la kuume peke yake huku mguu wa kushoto umekanyaga mbele, na uzito wako uwe mikononi. Kuinuka, sukuma kwa mikono na kwa mguu huo wa kushoto, polepole, wengine watangulie kusimama.

Njoo na maganda ya vidonge, na binti aje nawe.